Mama Mkwe Aliyejibu "Njano"

"Njano."

Ndiyo, msomaji, wiki iliyopita ulisoma sawasawa na gazeti halikukosea kuchapa. Mama Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili, mwanamke anayeogopwa kuliko wote katika mji huu, alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda cha kliniki, bega lake la kushoto likiwa chini ya kidole gumba cha Dole. Akaulizwa, "Rangi?" Akajibu, "Njano." Wala hakufikiri.

Wewe ambaye gazeti lako liliazimwa na jirani likarudi limefungia vitunguu, ngoja nikusaidie haraka. Dole ni mtaalamu wa viungo. Wagonjwa ndio waliompa jina hilo, kwa ajili ya kidole gumba chake kinachoweza kulegeza msuli ulioganda tangu enzi za babu. Kila Jumamosi mchana hupanda ngazi za nyuma ya duka la magodoro na kuingia kwenye chumba ambamo watu wazima, kwa hiari yao wenyewe, hufungana kamba na kuchapana, na kufurahia. Hiari ndiyo sheria ya kwanza pale. Ukiwa umefungwa unaulizwa, "Rangi?" Kijani, endelea. Njano, punguza. Nyekundu, kila kitu kinasimama papo hapo na hakuna anayekuuliza kwa nini.

Tatizo ni kwamba mdomo wa Dole umeshazoea. Alibonyeza bega la mgonjwa, akaona shingo inakaza, swali likamtoka lenyewe.

Na mgonjwa si mwingine bali mama mzazi wa Mpimaji, yule kijana mpima ardhi anayetaka kumwoa Dole na anayesubiri jibu lake Jumapili hii, mezani, mbele ya wazee. Dole anampenda huyo kaka hadi anasahau kula. Hajamjibu kwa sababu moja tu: Mpimaji hajui habari za Jumamosi. Akimwambia, huenda akamkosa. Asipomwambia, ataolewa na mtu asiyemjua, awe anajificha kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Haya, turudi kitandani. Cha kliniki, jamani! Acheni hizo.

"Umesema nini, Mama?" Dole aliuliza.

"Sijasema kitu."

"Umesema njano."

"Nilikuwa nasifia shuka lako. La njano."

Dole akalitazama shuka. "Mama, hili ni la bluu."

"Nina mtoto wa jicho."

"Umelala kifudifudi, Mama. Uso wako uko kwenye tundu la kitanda. Unachokiona ni viatu vyangu."

"Basi viatu."

"Vyeupe."

Mama Mwenyekiti akainuka ghafla. Bega halikukubali, akapiga ukelele uliosikika hadi mapokezi. Mlango ukagongwa.

"Dole! Huyo mama yuko salama?" aliuliza dada wa mapokezi.

"Yuko salama!" walijibu wote wawili kwa pamoja, utadhani walikuwa wamefanya mazoezi.

Viatu vya dada wa mapokezi vikasikika vikirudi. Mama Mwenyekiti akajikusanya, akajifunika shuka lile la bluu, akaketi mgongo wima kama yuko mbele ya mkutano.

"Mlango una komeo?"

"Unalo."

"Lifunge. Sasa nisikilize, binti. Mimi sikuja hapa kwa ajili ya bega tu. Kamati imeletewa habari zako. Kuna mtu amekuona ukipanda ngazi za duka la magodoro kila Jumamosi na mfuko mkubwa begani. Nikawaambia niachieni huyo, ni mkwe wangu mtarajiwa, nitamchunguza kwa macho yangu. Nilipanga nikitoka hapa nimwambie mwanangu avunje uchumba."

Mji wetu huu mnaujua: ukinunua sabuni mbili watu wanauliza nani kaja kulala kwako. Kazi ya Dole ingekwenda, mchumba angekwenda, na jina lingebaki midomoni mwa watu mpaka azeeke.

"Ulipanga," Dole alisema. "Na sasa?"

"Sasa umeniuliza rangi."

Mama akageukia ukutani, kwenye ile picha ya misuli ya mgongo, akaikazia macho kama anaitafutia kosa.

"Miaka mingi sana sijaulizwa rangi," alisema.

Mimi mwandishi wenu sikutegemea kumwonea huruma mama huyu. Nilikuwa nimemwandalia aibu kubwa kabisa. Lakini ndivyo alivyosema, na sauti ilimkatika pale mwisho.

"Marehemu baba yake Mpimaji alikuwa mwalimu wa udereva," aliendelea. "Mtu mpole, hajawahi kunifokea hata siku moja. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia taa zimezimwa asinione uso. Akakaa kimya, nikajua basi, kesho narudishwa kwetu. Kumbe anafikiri. Akaniambia, sawa mke wangu, lakini mimi siendeshi gari lisilo na breki. Ndipo akaniletea zile rangi zake za taa za barabarani."

"Hata sisi tunatumia hizo hizo," Dole alisema kwa sauti ndogo.

"Nyinyi akina nani?"

"Mama, mlikuwa mnawajua wengine?"

"Wengine gani?"

"Wengine kama nyinyi."

Mama Mwenyekiti akamtazama kana kwamba ameambiwa mwezini kuna soko. "Mwanangu, tulidhani ni sisi wawili tu duniani. Tulidhani ni ugonjwa, na kwa bahati tumeuugua wote wawili."

"Hata mimi nilidhani ni ugonjwa, mpaka siku nilipopanda zile ngazi."

"Wako wangapi?"

"Siwezi kusema."

"Ni akina nani?"

"Siwezi kusema, Mama. Ni sheria. Uliyemwona kule hujamwona. Humtaji kwa mke wake, wala kwa mumewe, wala kwa mtoto wake."

"Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili!"

"Ndiyo maana siwezi kusema."

Mama akafungua kinywa kumkaripia, badala yake kikamtoka kicheko. Alicheka hadi bega likamuuma tena, akalishika, akaendelea kucheka.

"Nipeleke," alisema.

"Mama!"

"Nipeleke, ama sivyo Kamati nzima itapanda ngazi hizo yenyewe."

Hapo Dole akakunja mikono kifuani. Alikuwa anaogopa, lakini kuna jambo ambalo amefundishwa vizuri. "Ukija kwa vitisho hupokelewi. Kule hakuna kinachofanyika kwa kutishana, hata kumkaribisha mgeni."

Mama Mwenyekiti akavitazama vile viatu vyeupe.

"Basi naomba," alisema.

Wanakamati wangelipa nauli kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Dole akakubali. Lakini Mama huyu hawezi kutoka mahali bila kuacha azimio.

"Na mimi nina langu. Mwambie mwanangu kabla ya Jumapili. Usimwingize kwenye ndoa macho yamefungwa."

"Nilitaka kumwambia. Ninaogopa."

"Ogopa, lakini mwambie. Mimi niliogopa, nikasema, na nikaishi na mtu aliyenijua kweli mpaka siku anafumba macho. Hujui raha yake."

"Na habari zako je?"

"Zangu? Ole wako! Mtoto hana haja ya kujua ya mama yake. Apa."

"Mama, mimi nimwambie ukweli wangu huku nimeficha wako?"

"Si umesema ndiyo sheria yenu? Basi mimi nikija kule, hujaniona. Apa!"

Dole akaapa. Sheria ilikuwa upande wa mama, angefanyaje?

*

Jumamosi, saa ya chakula cha mchana, mji umejifungia ndani kula. Mama Mwenyekiti akatokea nyuma ya duka la magodoro amevaa miwani myeusi, mtandio umepanda hadi kidevuni, gauni la mikono mirefu.

"Hapa hata mama yangu hanijui," alinong'ona.

Dole akatazama mwendo wake, ule wa mtu anayekwenda kufungua mkutano, akanyamaza.

Juu kulikuwa na chumba kimoja. Magodoro yenye kasoro, yale ambayo duka limeshindwa kuyauza, yalikuwa yamesimamishwa kuzunguka kuta yakimeza kila sauti. Kamba za katani zilizolainishwa kwa mafuta zilining'inia kwenye misumari. Kando ya mlango palikuwa na mkasi mkubwa uliofungiwa uzi asije mtu akaondoka nao, maana kamba ikikwama hakuna muda wa kutafuta mkasi. Kulikuwa na birika la chai na blanketi zilizokunjwa. Na watu: mhasibu mmoja, mke na mume wauza viatu, mwalimu wa hesabu anayekata kucha, watu wa kawaida kabisa ambao ungesimama nao foleni ya benki usiwakumbuke.

Mama akasimama mlangoni. Alitakiwa akae kimya. Alijitahidi, jamani, alijitahidi sana.

"Viti hivi mbona havikupangwa mstari mmoja?"

Mwanamume aliyekuwa akitundika koti lake akageuka kama aliyemwagiwa maji. Ni Kinyozi, mwenye kibanda karibu na stendi.

"Sauti hiyo naijua."

"Hunijui," Mama alisema.

"Nakujua sana! Ulinifungia kibanda mwezi mzima kwa sababu ya picha ukutani! Mwanamke mwenye bega wazi!"

"Lilikuwa wazi mno," Mama alisema kabla hajajizuia.

Ikawa vurugu. Huyu anatafuta kiatu, yule anatafuta mkoba, mwalimu wa hesabu tayari ameshika dirisha na tuko ghorofani. "Dole umetuuza!" mmoja alisema. "Umetuletea Kamati!" Dole alitaka kujieleza lakini machozi yakawahi. Hawa ndio watu waliomwambia siku ya kwanza kwamba hana ubaya wowote.

"Kaeni," alisema Fundi.

Fundi ndiye kiongozi wa pale. Kazi yake ni kutengeneza makochi, na siku hiyo alikuwa bado na aproni ya kazini, sindano kubwa imechomekwa kifuani. Hapandishi sauti, na ndiyo maana watu humsikiliza. Wakakaa.

"Mgeni anaingia kwa wadhamini wawili. Wa kwanza ni Dole. Wa pili nani?"

Mama akavua miwani. Bila ile miwani alionekana mtu mzima aliyechoka.

"Ile picha," alimwambia Kinyozi. "Nilipita mbele ya kibanda chako nikaitazama. Nikarudi kesho yake nikaitazama tena. Nilikufungia kwa sababu nilikuwa siwezi kuacha kuitazama. Watoto wako walikula nini mwezi ule sikuuliza. Nimekukosea, baba. Nisamehe."

Kinyozi alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa kwa muda mrefu. Yote yakamwishia. Akajikuna kichwa, akatazama sakafu, akamtazama Fundi.

"Namdhamini," alisema. "Ila leo wa kumchapa niwe mimi."

Chumba kikacheka. Fundi hakucheka.

"Hapana. Mwenye hasira hashiki kamba wala mkanda humu ndani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kachemshe chai."

"Naunga mkono hoja," alisema Mama Mwenyekiti, na Kinyozi akaenda kuchemsha chai huku ananung'unika.

Fundi akavuta kigoda, akakaa mbele ya mgeni. "Unataka nini, na hutaki nini?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mama ambaye anaweza kuhutubia asubuhi nzima bila karatasi alikosa neno.

"Wewe si mtaalamu? Unajua."

"Sijui mpaka useme."

"Ni aibu."

"Tutasubiri."

Wakasubiri kweli. Mhasibu akafuta miwani yake. Chai ikaletwa, Kinyozi akamwekea Mama kikombe mkononi, sukari ya kutosha, bila kumtazama usoni. Mama akakizungushazungusha.

"Kufungwa," alisema hatimaye, akiongea na kikombe. "Viganja vikutane mbele, visiende nyuma, kwa ajili ya bega. Na nisisemeshwe kwa ukali. Maneno makali nayasema mimi wiki nzima, nimeyachoka."

"Na kuchapwa?"

"Leo bado. Na kwanza nione kwa huyu binti."

Dole akanyoosha mikono yake. Kamba ikapita juu ya vifundo vya mikono, mzunguko baada ya mzunguko, imelala kwa utaratibu kama ushonaji wa kochi. Fundi akaingiza vidole viwili chini yake kuhakikisha damu inapita, akauliza kuhusu ganzi, akauliza rangi. Uso wa Dole ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyefika nyumbani akavua viatu. Mama aliutazama uso huo zaidi ya alivyoitazama kamba.

Kisha kamba ile ile ikafunguliwa, ikahamia kwake.

"Rangi?" Fundi aliuliza.

Mama akafumba macho. "Kijani," alisema, na machozi yakaanza kushuka.

Fundi akasimamisha mikono. "Rangi?"

"Kijani, nimekwambia! Kwani mtu haruhusiwi kulia kwa raha zake?"

Watu wakacheka, na Mama akacheka katikati ya kilio. Dole, kwa jicho la kazi, akaliona lile bega alilohangaika nalo kliniki likishuka taratibu kutoka sikioni. Msuli uliokuwa mgumu kama ubao ulikuwa umeachia wenyewe. Akajisikia furaha, na wivu kidogo wa kitaalamu.

Baada ya kufunguliwa alifunikwa blanketi, na Kinyozi akamletea kikombe cha pili bila kuagizwa. Mama akawa amekaa kimya, mwepesi, anatabasamu na magodoro.

"Sasa nenda," alimwambia Dole. "Kamwambie mwanangu. Na ukumbuke ulichoapa."

*

Mpimaji alikuwa peke yake ofisini akimalizia ramani ya shamba ambalo ndugu wawili wanaligombania. Penseli sikioni, rula mkononi, taa ya mezani imeinamishwa juu ya karatasi kubwa. Huyu ni mtu wa mistari. Ukimwambia "hapo karibu" anakuuliza mita ngapi.

Alipomwona Dole akasimama haraka hadi penseli ikaanguka.

"Umekuja kunikatalia."

"Nimekuja kukwambia jambo. Ukishalisikia, utaamua wewe kama bado unalitaka jibu langu."

Akasema. Alisema yote akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa ataanza kulia. Chumba, kamba, kuchapwa, hiari, rangi. Hakumtaja mtu. Mwishoni akakunja mikono ya blauzi, akaviweka vifundo vyake chini ya mwanga. Alama za kamba zilikuwa bado zimechoreka kwenye ngozi, vimistari vidogo vya mshazari.

"Hizi ni za leo. Zitafutika kabla ya giza."

Mpimaji akabadilika rangi. "Nani kakufanya hivi? Nitajie jina lake."

"Niliomba mwenyewe."

"Mtu haombi kitu kama hiki!"

"Mimi naomba."

"Kuna mtu alikuumiza ukiwa mdogo. Niambie ukweli."

"Hakuna. Nimekuwa hivi tangu najitambua, kama wewe ulivyokuwa unapima vitanda vya kwenu kwa kamba ya viatu. Uliniambia mwenyewe."

Mpimaji akakaa. Akaigeuza rula, akaigeuza tena.

"Una mtu kule?"

"Sina. Nina marafiki. Mtu ninayemtaka ni wewe."

"Mimi siwezi kukupiga, Dole."

"Sikuombi uweze. Kule anayesema siwezi anaheshimiwa sawasawa na anayesema nataka. Nakuomba unijue tu. Ukishanijua, ukiona huwezi kuishi na mimi, tutaachana bila kudanganyana."

Nje pikipiki ilipita ikipiga kelele. Mpimaji alisubiri ipite. Halafu akafanya jambo ambalo Dole hakulitegemea: akavuta taa karibu, akaviinamia vile vifundo, akavichunguza kwa jicho lile lile linalokagua mipaka ya mashamba.

"Mistari imelingana," alisema, kama mtu aliyeponyokwa na neno. "Nafasi kati ya kamba na kamba ni ile ile. Na hapa kwenye mfupa amepunguza. Huyu mtu hakutaka uumie."

Dole akacheka, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu mlangoni yakapata njia. Mpimaji akamfuta kwa kitambaa chenye wino, akampaka wino shavuni.

"Sikudanganyi, naogopa," alisema. "Lakini umenijia mwenyewe ukaniambia. Mtu anayeniambia jambo kama hili naweza kuishi naye. Nisichoweza ni kuishi na jambo lililofichwa. Nimekulia kwenye nyumba ambayo wazazi wakizungumza mlango unafungwa, na mimi nje najiuliza kuna nini. Sitaki tena. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, na nitakuamini utakavyojibu. Kuna kingine chochote unachonificha?"

Hebu fikiria ungekuwa wewe. Kiapo kiko upande huu, na sheria ya chumba, na mama mtu mzima aliyelia kwa raha kwa mara ya kwanza tangu azike mume. Upande wa pili kuna mwanamume mmoja mwenye wino mikononi, anayengoja neno moja.

"Hakuna," Dole alisema.

Mpimaji akashusha pumzi, akamvuta kifuani. "Basi kesho utanijibu nini?"

Dole hakupata nafasi ya kumjibu.

"Hodi!" Mlango ukafunguka kabla ya mtu kusema karibu. Mama Mwenyekiti huyo, uso unang'aa, mtandio umekaa upande. Alitakiwa kwenda nyumbani moja kwa moja. Lakini hamu ya kujua mwanawe amesemaje ilimshinda, miguu ikamleta yenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mmekumbatiana? Vizuri, vizuri! Basi yamekwisha salama?"

"Yapi, Mama?"

"Ya... ya uchumba. Si ndiyo yanayozungumzwa?" Mama akageuza maneno mbio mbio. "Na mimi nimekuja na habari njema. Bega langu! Miezi mingapi sijaweza hata kuanika nguo? Tazama mwanangu, tazama!"

Na akainua mkono. Ukapanda, ukapanda, ukapita kichwa. Mpimaji akaanza kupiga makofi. Mkono wa gauni ukateleza taratibu hadi kwenye kiwiko.

Makofi yakakoma.

Mama akaona macho ya mwanawe yametua wapi. Akaushusha mkono, lakini alikuwa amechelewa. "Ni saa," alisema. "Saa ilinibana."

Mpimaji aliushika mkono wa mama yake kwa adabu, akaushika na wa Dole, akavilaza vifundo vyote viwili juu ya ramani, chini ya taa. Vimistari vidogo vya mshazari. Nafasi ile ile, na pale kwenye mfupa pamepunguzwa.

Alivitazama kwa muda mrefu. Dole alimtazama Mama, Mama akatikisa kichwa kidogo sana, akimsihi asiseme.

Mpimaji akaachia mkono mmoja. Haukuwa wa mama yake.

"Nilikuuliza mara moja tu," alimwambia Dole. "Na nilikuamini."